Wenye Majina na Mji wa Nairobi: Zawadi Ikishatolewa Ni ya Nani?

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Miaka saba baadaye, wakati mji ungali mabati na matope, Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wake bustani. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, alikuwa mkandarasi aliyepatia jina na mali kwenye reli hiyohiyo: alileta vibarua kutoka India, akalisha kambi zao, kisha akajenga ofisi na maduka ya mji uliozuka njiani. Mwaka 1906 alitenga ekari zipatazo tano, akasimamisha humo sanamu ya Malkia Victoria, na mwana wa malkia huyo, Duke wa Connaught, akaja kuizindua. Bustani ikawa mali ya umma. Iko palepale hadi leo, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu, na mchana wowote utakuta watu wamelala nyasini, wahubiri wanapaza sauti, na wanachama wa jukwaa la Bunge la Mwananchi wanabishana juu ya serikali. Sanamu ya malkia iling'olewa kichwa mwaka 2015. Watu waliendelea kuitumia bustani kama kawaida.

Naanza na Jeevanjee kwa sababu mjadala wetu kuhusu matajiri na mastaa kurudisha fadhila kwa jamii una kasoro ya kutazama moyo peke yake. Fulani ana roho safi, hukumbuka alikotoka. Fulani ni mchoyo, amehamia Lavington na kuusahau mtaa uliomlea. Methali yenyewe inatuambia kutoa ni moyo, si utajiri, nasi tunaishia hapo. Lakini historia ya katikati ya Nairobi na vitongoji vyake vya magharibi, kuanzia Chiromo na Parklands hadi Kangemi na Kawangware, ina ushahidi wa zaidi ya miaka mia moja, na ushahidi huo haupimi moyo wa mtu. Unapima jambo gumu zaidi: zawadi ikishatoka mkononi mwa mtoaji, nani ana kauli juu yake? Nitakayoyatetea hapa ni kwamba mwenye jina anao wajibu wa kutoa, ila wajibu huo hautimii mpaka kile alichotoa kiwe nje ya uwezo wake wa kukitumia tena kwa faida yake.

Tuwatazame kwanza wale ambao moyo wao hauna shaka na zawadi yao ina shaka kubwa. Sir William Northrup McMillan, Mmarekani kutoka St. Louis, alikuwa miongoni mwa walowezi waliojulikana kuliko wote. Ndiye aliyempokea Theodore Roosevelt shambani kwake Juja katika safari ya kuwinda ya mwaka 1909. Alipofariki mwaka 1925, mjane wake, Lady Lucie, aliamua kumjengea kumbukumbu, na kwa msaada wa fedha za wakfu wa Carnegie maktaba ya McMillan ikafunguliwa mwaka 1931 katika barabara ambayo sasa ni Banda Street. Ni jengo zuri, lenye nguzo ndefu na simba wa mawe mlangoni. Lilikuwa la Wazungu tu. Mwafrika aliyejua kusoma, na Mhindi ambaye pengine ndiye aliyechonga mawe ya mji huo, hawakuruhusiwa kuketi humo na kitabu hadi mwaka 1958. Ubavuni mwake, katika miaka hiyohiyo, Waislamu wa mji walikuwa wakijenga Msikiti wa Jamia, na ndani yake Mwafrika, Mhindi na Mwarabu walisimama safu moja. Majengo mawili ya manufaa, ukuta kwa ukuta, na kila moja likiwa na maana yake ya neno umma.

Maktaba hiyo ina kisa kingine kinachonifanya nisiihukumu haraka. Mwaka 1938 ilitungiwa sheria yake mahususi, jambo adimu sana kwa jengo moja nchini Kenya. Sheria hiyo iliilinda zawadi pamoja na ubaguzi wake. Lakini baraza la mji lilipoichukua maktaba mwaka 1962 na milango ikiwa imekwisha kufunguliwa kwa wote, ulinzi uleule uligeuka kuwa faida ya watu wasiokusudiwa. Kiwanja cha thamani kubwa namna ile, katikati ya mji ambao viwanja vya umma vimeyeyuka kimoja baada ya kingine, hakikuwa hoteli wala maegesho. Kilichokiokoa ni karatasi. Ukarimu wa Lady McMillan peke yake usingefua dafu mbele ya wanyakuzi wa miaka ya themanini na tisini.

Ewart Grogan ni mfano mkali zaidi. Alikuwa na umaarufu wa kimataifa kabla hajakanyaga Nairobi, kwa kuwa alisafiri Afrika kutoka kusini hadi kaskazini na kuandika kitabu. Alijenga nyumba Chiromo, ambako McMillan naye aliishi baadaye na ambako leo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1907 aliwacharaza viboko hadharani Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, mbele ya mahakama, umati wa walowezi ukishuhudia. Mwaka 1947, kwa kumbukumbu ya mkewe Gertrude, akatoa ardhi ya hospitali ya watoto huko Muthaiga, nayo ipo hadi leo na inatibu watoto wa kila rangi. Je, hospitali inafuta viboko? Hapana, na viboko havifuti hospitali. Haya ni mambo mawili tofauti, na anayetaka tuyajumlishe ili apate mtu mwema au mtu mwovu anatupotezea muda. Mtoto anayepona leo hahitaji kumsifu Grogan. Huo ndio uzuri wa zawadi iliyokatika kabisa kutoka kwa mwenyewe.

Parklands inaongeza funzo jingine, nalo nitalipitia kwa ufupi. Hospitali ya M.P. Shah, iliyo chini ya Social Service League na yenye jina la mfanyabiashara Meghji Pethraj Shah, na Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958, zilitokana na desturi ya Wahindi ya kuchangia jamii zao na kisha kuwafungulia wengine milango. Zimeokoa maisha mengi. Hata hivyo mkazi wa Kangemi anayeshuka Waiyaki Way na homa hajiulizi kama rangi yake itamruhusu kuingia. Anajiuliza kama mfuko wake utamruhusu. Kizuizi cha rangi kimeondoka, bei imeshika nafasi yake, na hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Gharama za dawa, mashine na mishahara hupanda, na zawadi isiyo na fungu la kudumu la kumlipia asiye nacho huhama polepole kutoka kwa maskini kwenda kwa mwenye bima.

Pwani ilikuwa na utaratibu wa mambo haya kabla Nairobi haijakuwa hata kambi ya mahema. Mtu wa Lamu au Mombasa akiweka wakfu nyumba, kisima au shamba, mali ile hutoka kwenye milki yake moja kwa moja: haiuzwi, hairithiwi, na msimamizi wake anawajibika kwa wale waliokusudiwa. Mtoaji hupata thawabu na dua, basi. Hapati kura, hapati mkataba. Mji wa bara uliokua kwa haraka na kwa tamaa ya viwanja haukujifunza sana kutoka huko, na kila kizazi kimelazimika kugundua upya hatari ya zawadi yenye kamba.

Kisa ninachokiona bora kuliko vyote katika historia hii kilianzia Nairobi na kupitia New York. Mwaka 1959 Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa na vijana wa Kenya waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani lakini hawakuwa na nauli. Serikali ya kikoloni haikupendezwa na mpango huo. Wakajitokeza watu watatu ambao kila Mmarekani aliwajua: Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi katika besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Walitia sahihi zao kwenye barua ya kuomba michango kwa wakfu uliokuwa ukiwasaidia wanafunzi wa Kiafrika, na maelfu ya watu wa kawaida wakaitikia. Huku nyumbani familia na vijiji vilifanya karamu za chai na ngoma kuchangisha fedha za matumizi. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliruka. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000 kupitia wakfu wake, na hapo siasa za uchaguzi wa Marekani zikajiingiza, kwa maana kambi ya Nixon, mpinzani wa Kennedy, nayo ilitaka serikali ya Marekani igharimie ndege hizo ili sifa isiende upande mmoja.

Angalieni kilichotolewa na mastaa wale watatu. Fedha zao hazikuwa ndizo kiini cha jambo. Walichotoa ni jina, nalo lilivuta macho, na macho yakavuta senti za wengi. Kisha fedha zilipita katika wakfu wenye kamati, wanafunzi wakachaguliwa na Mboya pamoja na wenzake kama Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, na hakuna kijana aliyetakiwa kumpigia Belafonte magoti. Hakuna aliyerudi Nairobi akiwa mtu wa Robinson. Walirudi wakiwa wahadhiri, makatibu wa wizara, madaktari. Mmoja wa walioondoka mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai. Mwaka 1989, chama tawala, KANU, kilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, upande wa magharibi wa katikati ya mji, ni yeye aliyeandika barua kila mahali, akatukanwa bungeni, na hatimaye jengo likaachwa. Miaka miwili baadaye ulikuja mpango wa kujenga maegesho ya magari katika bustani ya Jeevanjee, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza upinzani hadi mpango ukafa. Patel hakuwa akidai urithi wa familia. Alidai kwamba babu yake alishatoa, na kilichotolewa kwa umma ni cha umma. Hoja hiyo isingesimama kama Jeevanjee angebakiza mkono wake ndani ya zawadi.

Kati ya ndege zile na mabishano ya bustani kuna harambee, wito wa watu kuchangia kazi zao kwa pamoja. Jomo Kenyatta aliufanya wito huo kuwa kaulimbiu ya taifa mwaka 1963, na katika miaka yake ya kwanza ulikuwa muujiza wa kweli: wanavijiji walijenga shule za sekondari kwa mawe na jasho lao, nyingi kuliko zile za serikali. Lakini polepole mgeni wa heshima akawa mkubwa kuliko kazi. Mheshimiwa alisimama na kutangaza kwamba yeye pamoja na marafiki zake wameleta kiasi fulani, umati ukashangilia, redio ikasoma kiwango hicho jioni, na hakuna aliyeuliza mshahara wa mheshimiwa unamwezeshaje. Kampeni za mwaka 1992 zilifikisha desturi hii ukingoni. Kundi la Youth for KANU '92 lilimwaga fedha kiasi kwamba noti ya shilingi 500 ilibandikwa jina la kiongozi wake, Cyrus Jirongo. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Fedha za kampeni na kashfa ya ufisadi ya Goldenberg zilikuwa miongoni mwa sababu zake, na mama muuza mboga wa Kawangware, awe alipokea noti ile au hakuipokea, aliilipa kwa bei ya unga na mafuta. Ukarimu unaolipwa na wapokeaji wenyewe ni mkopo wa riba kubwa usioandikwa popote.

Sheria zimejaribu kuufunga mlango huo. Ile ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 iliwabana maafisa kuchangisha kwa kutumia vyeo vyao. Julai 2024, baada ya vijana kujaa mitaa ya katikati ya mji kupinga mswada wa fedha, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika michango ya hadhara. Novemba mwaka huohuo yeye mwenyewe alitoa mchango katika kanisa moja la Kikatoliki mtaani Soweto, Kayole, na Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaamuru fedha zirudishwe. Sikumbuki kitendo cha kanisa katika mji huu kilichowashangaza wanasiasa zaidi ya hicho.

Kabla ya hapo mji ulikuwa umemwona Mike Sonko. Akiwa seneta wa Nairobi aliunda Sonko Rescue Team, kikosi chake binafsi chenye magari ya wagonjwa, ya maji na ya kubeba maiti, rangi na jina lake ubavuni. Sina haja ya kudharau huduma ile. Familia iliyofiwa Kangemi bila nauli ya kusafirisha mwili ilipata gari, na gari lilikuwa gari. Lakini mwaka 2017 mtu huyo akawa gavana, mwenye bajeti, hospitali na zimamoto za mji mzima, na hapo ndipo umma ulipopaswa kuona tofauti. Desemba 2020 aliondolewa madarakani kwa kura ya bunge la kaunti na kisha ya Seneti. Kikosi kile hakikuacha nyuma yake mfumo wa magari ya wagonjwa ambao mkazi angeweza kuudai kama haki. Kilikuwa chake, na alipoondoka kiliondoka naye.

Nasikia pingamizi, tena zenye uzito. Ya kwanza inasema njaa haingoji hati. Mtoto anayefukuzwa shule leo kwa karo hawezi kula hoja zangu, na staa aliyemlipia hapohapo ametenda jambo jema kuliko mwandishi yeyote. Nakubali, na dharura ina sheria yake. Septemba 2013, magaidi walipovamia Westgate kule Westlands na kuua watu 67, kituo cha jamii ya Oshwal kilicho jirani kilifunguliwa mara moja. Watu wa kujitolea wakapika, wakafunga vidonda, wakapokea familia, huku maelfu wakipanga foleni kutoa damu. Hakuna aliyesubiri katiba ya wakfu. Ila dharura huisha. Anayelipia karo ya mtoto mmoja kila Januari mbele ya kamera, mwaka wa kumi sasa, haokoi tena kutoka kwenye dharura. Amejenga utaratibu, na utaratibu huo una mfalme.

Pingamizi ya pili huja kutoka upande wa dini: mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue, kwa hiyo umaarufu wenyewe ni doa. Hapa sikubali moja kwa moja. Barua ya Robinson, Belafonte na Poitier ingekuwa bure bila majina. Kilicho kibaya si kutangaza, bali sura inayotangazwa. Mwishoni mwa 2023 Mmarekani MrBeast alitoa video ya visima mia moja alivyochimba Afrika, vingi vikiwa Kenya, na baadhi ya Wakenya wakalalamika kwamba anatuonyesha kama ombaomba. Wengine wakawajibu: nyinyi mmechimba vingapi? Pande zote mbili zilikosea shabaha kidogo. Jambo la kuuliza ni nani atakayetengeneza pampu itakapoharibika, na kwa nini serikali zinazotoza kodi zilihitaji kuaibishwa na mtengeneza video. Kamera ingeelekezwa hapo, sioni dhambi yake.

Ya tatu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Inasema mastaa wetu si matajiri. Mwanamuziki ambaye nyimbo zake zinapigwa katika kila matatu ya Kawangware huenda anapata mrabaha usiotosha kodi ya nyumba, na ana ndugu kumi wanaomtegemea. Kumwambia arudishe ni kumtoza kodi ya pili, wakati wenye kumiliki ardhi ya mji hawaulizwi chochote. Ni kweli tupu. Lakini pingamizi hii, ikichunguzwa vizuri, inaunga mkono hoja yangu. Kama wajibu ungekuwa wa fedha, ungewaelemea wasio nazo. Wajibu wa mwenye jina unatokana na kitu alichopewa na umma, nacho ni masikio na macho ya watu. Hicho anacho hata akiwa na deni. Na hicho ndicho ambacho Kangemi na Kawangware hazina.

Papa Francis alilionyesha hilo alipofika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, tarehe 27 Novemba 2015. Hakuja na hundi. Alitumia asubuhi yake, dunia nzima ikitazama, kutaja ugavi usio wa haki wa ardhi, ukosefu wa maji na vyoo, na wajenzi wasiojulikana sura wanaojaribu kunyakua hata viwanja vya michezo vya watoto wa shule. Kila Mnairobi aliyemsikia alijua anasema nini. Januari ya mwaka huohuo polisi walikuwa wamewarushia gesi ya machozi wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road waliokuwa wakidai uwanja wao uliozungushiwa ukuta. Watoto wale waliokoa uwanja kwa sababu picha zao zilisambaa. Shule nyingi za umma za Nairobi zilikuwa hazina hati miliki, na zisizo na picha zilipoteza ardhi kimyakimya.

Kwa hiyo mwanariadha, mwanamuziki au mchekeshaji aliyekulia magharibi mwa mji huu na anayetaka kuwarudishia watu wa mtaa wake asianze na unga wa Krismasi. Aanze na shule aliyosomea. Aulize hati ya uwanja wake imeandikwa jina la nani, na ikiwa haipo, aende Ardhi House akiwa na wakili, wazazi na waandishi wa habari, arudi wiki ijayo na ile inayofuata, mpaka hati itoke kwa jina la shule. Akishapata, jina lake mwenyewe lisiandikwe popote humo.